Notre Dame ya Indiana: kuba la dhahabu na yanayosemwa juu yake

Tuanze na jina, maana ndilo linalowachanganya wengi. Notre Dame hii si kanisa kuu la Paris. Ni chuo kikuu cha Kikatoliki katika jimbo la Indiana, Marekani, kilichoanzishwa Novemba 1842 na padri Mfaransa, Edward Sorin, wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, lile lililopeleka wamisionari Fort Portal, Uganda, mwaka 1958. Jina lake kamili ni Notre Dame du Lac, Mama Yetu wa Ziwa, ingawa maziwa yenyewe ni mawili.

Dhana: Jengo Kuu la chuo, lile lenye kuba la dhahabu, ni lile lile la mwanzo.
Hapana, ni la tatu. La pili liliteketea tarehe 23 Aprili 1879, wanafunzi wakarudishwa makwao. Sorin alikuwa na miaka 65, umri ambao wengine wangeona basi, yametosha. Yeye akaanza upya. Ramani ilichorwa na Willoughby Edbrooke, mafundi wakajenga kiangazi kizima, na Septemba ya mwaka ule ule madarasa yakafunguliwa. Kuba lilikuwa bado; lilikamilika 1882. Dhahabu nayo ikasubiri hadi 1886. Matofali yale ya manjano wala hayakuagizwa mbali: udongo wake, wenye chokaa nyingi, ulichimbwa kwenye maziwa ya hapo hapo chuoni.

Dhana: Kuba ni dhahabu tupu.
Laiti! Ni dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi, kisha ikabandikwa juu. Jua, mvua na theluji huichakaza, ndiyo maana imebandikwa upya mara kadhaa.

Dhana: Kikanisa cha magogo kando ya ziwa ni cha 1831.
Kile cha padri Stephen Badin kiliungua mwaka 1856. Kinachopigwa picha leo ni mfano wake uliojengwa 1906. Kaburi la Badin lililomo ndani, hilo ni la kweli.

Dhana: Majengo ya Kigothi, yaani ya mtindo wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati, ni ya kale sana.
Basilika, kanisa kubwa la chuo, ilianza kujengwa karne ya 19. Mabweni mengi ya mtindo huo, pamoja na bwalo la kusini alilolisanifu Ralph Adams Cram, ni ya miaka ya 1920 na 1930.

Dhana: Yesu aliye kwenye ukuta wa maktaba ya chuo alichorwa kwa ajili ya mpira.
Kwanza hakuchorwa kwa rangi. Ni vipande vya graniti vilivyopangwa kwa ubunifu wa Millard Sheets na kuzinduliwa 1964, vikimwonyesha Kristo Mwalimu akiwa na wasomi wa zama mbalimbali. Mikono yake imeinuliwa kama ya mwamuzi wa futiboli ya Kimarekani anayeashiria bao, na uwanja, uliokuwepo tangu 1930, unatazamana naye. Utani kwamba naye anaashiria bao ulikuwa lazima uzaliwe. Lakini tangu uwanja uongezewe majukwaa mwaka 1997, aliye chini kwenye nyasi hamwoni tena vizuri.