Injini ya Dizeli: Moto Usiohitaji Cheche

Wengi wakisikia neno dizeli hufikiria mafuta. Asili yake ni jina la mtu, Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini ndiyo iliyopewa jina hilo kwanza, mafuta yakalirithi. Na kinachoifanya injini iitwe ya dizeli si kile kilichomo kwenye tangi, bali jinsi moto unavyowaka ndani ya silinda.

Ukijaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, kisha ukaigusa pampu upande wa chini, utakuta imepata joto. Hewa ikibanwa hupata joto. Injini ya petroli kwa kawaida hubana hewa iliyochanganyika na mafuta, tena kwa kiasi tu, halafu plagi ikatoa cheche ya kuiwasha. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huvuta hewa tupu, na pistoni huibana mpaka ibaki na nafasi ndogo sana, mara nyingi sehemu 1 kwa 15 hadi 20 ya ile ya mwanzo. Hapo joto hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Nozeli inaponyunyiza mafuta, yanawaka yenyewe.

Uzuri wake uko hapa: mafuta hayamo wakati hewa inabanwa, kwa hiyo hayawezi kulipuka kabla ya wakati wake. Unaweza kubana zaidi, na kadiri unavyobana ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyogeuka kuwa kazi.

Diesel alilifuata jambo hilo tangu akiwa mwanafunzi mjini Munich, chini ya mwalimu wake Carl von Linde, alipojifunza kwamba injini za mvuke za wakati ule zilipoteza takriban tisa ya kumi ya joto la makaa. Alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1893. Jaribio la kwanza, Agosti mwaka huohuo katika kiwanda cha Augsburg, lilileta mlipuko uliovunja kipimo cha mgandamizo. Hakukata tamaa. Februari 1897 injini yake ya silinda moja ilipimwa, ikageuza asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Kwa zama zile, hilo lilikuwa jambo kubwa mno.

Hata hivyo haikuingia barabarani upesi, na kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha historia yake yote: kuingiza mafuta kwenye silinda iliyokwisha kujaa mgandamizo. Diesel aliyapuliza kwa hewa iliyobanwa zaidi, jambo lililodai kompresa kubwa na nzito. Ndiyo maana injini za mwanzo zilifungwa viwandani na melini, kama Selandia ya Denmark iliyosafiri baharini mwaka 1912. Diesel mwenyewe alitoweka Septemba 1913 akiwa melini kuelekea Uingereza. Hakuona malori ya dizeli, yaliyoanza kutoka Ujerumani miaka ya 1920.

Kilichofungua njia ni pampu ya kusukuma mafuta yenyewe, bila hewa. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927, na mwaka 1936 Mercedes-Benz ikatoa gari dogo la dizeli, 260 D. Turbo, wazo la Mswisi Alfred Büchi la mwaka 1905, iliongeza hewa kwenye silinda na hivyo nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magari yakapata reli, yaani bomba moja linalogawa mafuta ya mgandamizo mkubwa kwa nozeli zote, huku kompyuta ikiamua lini na kiasi gani. Leo injini kubwa za meli hugeuza zaidi ya asilimia 50 ya nishati ya mafuta kuwa kazi.

Lakini joto lilelile linalopunguza matumizi ya mafuta huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani kuwa gesi zinazodhuru mapafu, na pale mafuta yanapokosa hewa ya kutosha hutokea masizi. Kwa hiyo dizeli za sasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na nyingi hunyunyiza maji ya urea humo, ambayo kwa msaada wa kichocheo hurudisha gesi hizo kuwa naitrojeni na mvuke.