Kwa nini sifanyi biashara kwa fedha za rafiki

Rafiki anaponiomba nimfanyie biashara ya sarafu au hisa kwa fedha zake, jibu langu ni hapana, na mara nyingi jibu hilo hupokelewa kama uchoyo. Wapo wanaodhani kwamba ninaificha njia ya kupata faida, na wapo wanaoona kwamba siwathamini kiasi cha kuwashirikisha. Sababu yangu haihusiani na lolote kati ya hayo. Imo ndani ya kazi yenyewe, katika tabia ya hasara, na ndiko nitakakoanzia.

Hasara na faida hazipimwi kwa mizani moja. Mtaji ukipungua kwa asilimia 10, unahitaji faida ya asilimia 11 na ushei ili urudi ulipokuwa. Ukipungua kwa asilimia 50, unahitaji asilimia 100, na ukipungua kwa asilimia 90, unahitaji asilimia 900, kwa kuwa faida inayofuata huhesabiwa juu ya kile kidogo kilichosalia. Ndiyo maana mtu anayedumu katika kazi hii huuliza kwanza yuko tayari kupoteza kiasi gani, kisha ndipo anauliza atapata nini. Desturi iliyoenea ni kuhatarisha asilimia 1 au 2 tu ya mtaji katika biashara moja. Anayehatarisha asilimia 1 akishindwa mara 10 mfululizo atabaki na asilimia 90 hivi ya mtaji wake, ilhali anayehatarisha asilimia 10 atabaki na chini ya asilimia 35 kwa mfululizo huohuo. Na mfululizo wa namna hiyo humfikia kila mtu akikaa sokoni muda wa kutosha, hata mwenye mbinu nzuri.

Hesabu ni sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ni kwamba akili ya binadamu haikubali kuitekeleza. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 jinsi maumivu ya kupoteza yanavyozidi furaha ya kupata kiasi hichohicho, na katika kazi yao ya mwaka 1992 walikadiria kwamba hasara huwa na uzito wa zaidi ya mara mbili ya faida. Matokeo yake sokoni ni kinyume cha busara: mtu huuza haraka kilichopanda ili aishike faida mkononi, na hung'ang'ania kilichoshuka ili asilazimike kukiri kwamba amepoteza. Mtafiti wa masuala ya fedha Terrance Odean alichunguza akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja wa Marekani, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1998 alionyesha kwamba wateja hao walifanya hivyohivyo, na kwamba kwa wastani hisa walizoziuza zilifanya vizuri baadaye kuliko zile za hasara walizobaki nazo.

Agizo la kukata hasara, yaani maelekezo kwa dalali kwamba biashara ifungwe yenyewe bei ikifika mahali fulani, lilibuniwa kwa ajili ya udhaifu huu. Ninaliweka wakati nimetulia, kabla fedha haijaingia hatarini, kwa sababu sina imani na uamuzi wangu bei ikiwa imeshageuka. Hata agizo hilo halina uhakika kamili. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa euro, na katika dakika chache euro ikaanguka chini ya faranga 1. Waliokuwa wameweka maagizo yao karibu na 1.20 walifungiwa biashara zao mbali kabisa na bei waliyoitaja, kwa kuwa katikati hapakuwa na mnunuzi, na baadhi yao waliamka wakidaiwa na madalali, waliokuwa wamewakopesha sehemu ya fedha za biashara, kiasi kinachozidi kile walichokuwa wameweka.

Sasa mweke rafiki katika mpango huu. Kwa fedha zangu, kukata hasara ni tendo la mashine: bei imefika, biashara imefungwa, nimeandika, nimeendelea. Kwa fedha za rafiki, hasara ileile inageuka kuwa habari ambayo lazima nimpelekee. Biashara ikiwa bado wazi ninaweza kumwambia kwamba tunasubiri, ila nikiifunga sina maneno hayo tena. Kwa hiyo ule mvuto wa kung'ang'ania, ambao tayari ni mkubwa, unaongezewa aibu na woga wa kumpoteza mtu. Ninajua kanuni ninayotakiwa kuifuata, na ninajua vilevile kwamba nitaifuata kwa kuchelewa. Mimi ninayemfanyia rafiki biashara ni fundi duni kuliko mimi ninayejifanyia mwenyewe, na yeye anaamini kwamba anapata kilicho bora.

Kuna pia suala la daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali ambapo daftari ni gumu kufunguliwa kama baina ya marafiki. Mteja wa kawaida hudai mkataba, huuliza fedha zinahifadhiwa na nani, hasara ikifika wapi kazi itasitishwa, na taarifa zinakaguliwa na nani. Rafiki haulizi, kwa kuwa kuuliza kunafanana na kutoamini. Bernard Madoff, tapeli wa Marekani aliyejifanya anawekeza fedha za watu, aliyekamatwa Desemba 2008 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 150 mwaka uliofuata, aliwapata wengi wa waathirika wake kwa njia ya kujuana, mtu akimleta ndugu na ndugu akimleta jirani. Simlinganishi kila anayeshika fedha za rafiki na mwizi yule. Ninachosema ni kwamba kujuana huondoa maswali, na mwaminifu naye huyahitaji maswali hayo ili abaki makini. Isitoshe, katika nchi nyingi kusimamia fedha za watu wengine bila leseni ni kosa la jinai.

Upande mwingine wa urafiki ni ule wa wenzangu katika kazi, na huko tatizo ni picha za faida. Mtu hutuma picha ya biashara iliyomlipa na hunyamaza kuhusu nyingine, hadi anayetazama anajiona yeye peke yake ndiye anayeunguza akaunti, yaani kupoteza fedha zote zilizomo. Mwaka 2018 mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia masoko ya dhamana ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa mikataba ya tofauti za bei, ambayo mtu hubashiri kupanda au kushuka kwa bei bila kumiliki kitu chenyewe, hupata hasara, ikapunguza ukubwa wa biashara inayofanywa kwa mkopo wa dalali hadi mara 30 ya dhamana, yaani fedha anazoweka mteja mwenyewe, kwa sarafu kuu. Hata kwa kiwango hicho, bei ikisogea kinyume nawe kwa asilimia 3 na ushei inatosha kumaliza dhamana yote. Mwenzangu ninayemthamini ni yule ambaye nikimwambia nimepoteza, huuliza kama nilifuata mpango, wala haulizi ni kiasi gani.

Nyumbani kuna mtihani wa aina yake. Mbele ya skrini ninalazimika kuiona fedha kama vipimo vya hatari tu, kwa sababu nikianza kuona kodi ya nyumba ndani ya bei inayoshuka, nitafunga mapema au nitachelewa. Lakini mazoea hayo yakinifuata mezani, nitaanza kuidharau fedha ambayo mwingine ameitokea jasho mwezi mzima, na hilo nimeliona likiharibu watu wazuri. Kwa hiyo fedha za matumizi hukaa katika akaunti tofauti, zikiwa zimetengwa miezi mingi mbele, na faida hulipwa kama mshahara usiobadilika. Soko la sarafu halifungwi usiku wala mchana kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo saa ya kuzima skrini ninajiwekea mwenyewe.

Rafiki aliyeunguza akaunti akinijia, simwongezei fedha za dhamana, hata akiniapia kwamba bei iko karibu kugeuka. Ninakaa naye tuandike madeni yote, tukitanguliza yale yanayogusa makazi na watoto, na ninamwomba aondoe programu ya dalali kwenye simu mpaka orodha hiyo iishe. Nikimpa fedha kwa ajili ya madeni hayo, kiasi chake ni kile ambacho nisiporudishiwa sitakidai, na kwenye daftari langu ninakiandika siku hiyohiyo upande wa matumizi.