Nguo za harusi ndogo: maneno yanayokula fedha

Mdogo wangu alipotuambia anafunga ndoa bomani, halafu chakula cha mchana cha watu 30 nyumbani tu, swali la kwanza la shangazi halikumhusu bwana harusi. Aliuliza: "Na shela utavaa gani?" Tangu siku ile nimewasindikiza maharusi kadhaa wa namna hiyo kwa mafundi na Kariakoo, na kila safari nakutana na maneno yaleyale, yanayosemwa kwa uhakika mkubwa na kuwatoa watu fedha wasizokuwa nazo.

"Bila gauni jeupe hiyo si ndoa."

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka hiari ya wawili wanaooana, taarifa ya siku 21 kabla, na mashahidi wasiopungua 2. Rangi ya gauni haimo. Ukienda msafi na mwenye staha, umetimiza.

Na huo weupe wenyewe si wa kale kama tunavyoaminishwa. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840 alivaa satini nyeupe yenye lesi ya Honiton, akitaka kuwainua mafundi wa lesi wa nchi yake. Kabla ya hapo bibi harusi wengi wa Ulaya walivaa gauni zuri kuliko yote waliyokuwa nayo, liwe la bluu au la kahawia, kisha wakaendelea kulivaa miaka mingi. Huku Pwani tuna kisutu, khanga ya bibi harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Anayevaa rangi hajaiacha mila, huenda ameirudia.

"Shona kitenge, ni rahisi."

Hapa ndipo nimeona watu wakilia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Pisi ya kitenge ni yadi 6, yaani kama mita 5.5, na upana wake ni kama sentimita 115. Sasa chukua rinda la duara kamili, lile la kuzunguka nalo kwenye picha. Kiuno cha sentimita 70 na urefu wa mita moja kutoka kiunoni hudai nusu duara mbili, kila moja ikila zaidi ya mita 2.2 za kitambaa. Hizo ni kama mita 4.5 zimekwenda kwenye rinda peke yake, na kipande kilichobaki ndicho kitoe kifua, mikono na mkanda. Ukitaka na mchoro ulingane kwenye mishono, pisi ya pili inanunuliwa. Rinda linalopanuka kidogo tu kuelekea chini hutoka kwenye mita 2 na nusu hivi, na kinachobaki kinaweza kumtoshea bwana harusi shati. Chagua mshono kabla ya kitambaa. Wengi tunafanya kinyume.

Tena si kila kinachoitwa kitenge ni pamba. Kigeuze: kitenge cha waksi, kile kinachochapwa kwa nta, rangi yake huonekana nyuma karibu sawa na mbele. Halafu chomoa uzi mmoja pembeni, ukauchome nje ya duka. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hunywea na kuacha tone gumu kama shanga. Nilimwona dada mmoja akilisugua tone hilo kati ya vidole, akakirudisha kitambaa alichokwisha kukikunja kwenye mfuko. Kwa jua la Dar es Salaam saa sita mchana, hakukosea. Na pamba iloweke usiku mmoja kabla ya kukatwa. Ikisinyaa, isinyae ikiwa bado kitambaa, kabla haijawa gauni.

Kisha ongeza bitana, zipu, gundi ya kukazia kitambaa na ujira wa fundi. Mara nyingi ujira huo unazidi bei ya kitenge, na ni haki yake.

"Mwanamume lazima suti." Suti ya Kaunda ya mikono mifupi haihitaji shati wala tai, na siku zinazofuata inavaliwa kazini. Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliipiga marufuku bungeni Novemba 2023, lakini bomani kwetu si bungeni.

"Sare inapendezesha harusi, na wala haimgharimu bibi harusi."

Gharama haikufutika, imehamia kwa wageni. Kila shangazi ananunua kitambaa ambacho hakukichagua, anamlipa fundi, anatafuta kilemba na viatu vya kufanana. Kwenye harusi moja ya kwetu mama mmoja tuliyempenda hakuja. Alisema mguu unamsumbua. Miezi mitatu baadaye ndipo tukajua kwamba sare ilimshinda, akaona aibu kuja na gauni lake. Sijalisahau hilo, na nikisikia kamati inajadili sare huwa nanyanyua mkono.

Taja rangi, usitaje kitambaa. Ukisema "bluu yoyote", kila mtu atafungua kabati lake na kupata kitu, na mabluu tofauti yakisimama pamoja hupendeza kuliko sare iliyoshonwa kwa haraka. Ukitaka kitu cha kuwaunganisha wanawake, nunua khanga. Doti moja ni vipande 2, kwa hiyo doti 5 zinawavalisha wanawake 10 mabegani, juu ya magauni yao wenyewe, na kila mmoja anarudi nyumbani na kitu cha kutumia. Soma jina la khanga kabla ya kulipa. Litasomeka kwenye kila picha, na yapo majina ya vijembe yasiyofaa kabisa siku hiyo.

"Ya mtumba ina nuksi." Nguo haibebi ndoa ya mtu. Inachobeba ni doa la kwapani na zipu mbovu, hivyo itoe nje ukaiangalie juani, maana taa ya dukani huficha umanjano. Kwa suti ya Karume, lile soko la mitumba la Dar es Salaam, anza na mabega: mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Fundi atapunguza mikono, atabana kiuno, atapandisha suruali. Kufumua mabega ni kazi nyingine, na mara nyingi hailipi.

Kukodi gauni nako kunasifiwa kupita kiasi. Uliza kwanza dhamana, ada ya kuchelewesha, na nani analipa likipata doa.

"Wiki mbili zinamtosha fundi." Zinamtosha asipokuwa na kazi nyingine, na fundi mzuri hakosi kazi, hasa karibu na Idi na mwezi wa Desemba. Gauni la mdogo wangu lilipelekwa kwa fundi ambaye sitamtaja, wiki mbili kabla, na usiku wa kuamkia ndoa tulikuwa tunashona vifungo kwa mkono sebuleni, watu wanne kwenye gauni moja. Sasa nasema wiki sita, kianzio nusu, na majaribio mawili.

Katika jaribio la mwisho, bibi harusi aje na viatu na sidiria atakavyovaa siku yenyewe, anyanyue mikono kama anayemkumbatia mtu, kisha akae. Akae hasa, dakika kumi, kwenye stuli ya fundi. Bomani mnasubiri zamu kwenye benchi, na gauni ambalo limejaribiwa kwa kusimama tu litaanza kumbana kabla hajaitwa ndani.