Kolajeni ya samaki si ngozi ya samaki

Hii ni mara ya tatu nasikia watu wakisema ngozi ya samaki ndiyo kolajeni ya kubandika kwenye vidonda. Juzi sokoni Mbuyuni, Moshi, mama mmoja alikuwa anaparua perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, mteja wake akamwambia amfungie na ngozi. Mjukuu ameungua na uji. "Si ndiyo kolajeni wanayobandika kwenye vidonda? Ya asili, haina madhara." Bibi alinizidi umri na foleni ilikuwa ndefu, nikanyamaza.

Kwa kifupi: kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi, mifupa na kano, kwa samaki kama kwa mtu. Ikitengenezwa kuwa utando wa kufunika kidonda, huwa kama chanja ambayo chembe hai (seli) za ngozi mpya hutambaa juu yake. Basi.

Neno lenyewe ndilo tamu. Kwa Kigiriki, kolla ni gundi, na gen ni kuzaa. Mzaa gundi. Jina hili limetoka kwa waliokuwa wakichemsha ngozi na mifupa kupata gundi ya seremala, wala si wodini. Anayekunywa supu ya makongoro anaifahamu kazi hiyo: ikilala hadi asubuhi inaganda, hata ukipindua sufuria haimwagiki. Ila kilichoganda si kolajeni tena, ni jelatini. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotana kama kamba ya katani. Joto likizidi, kamba inafumuka. Ya samaki wa maji baridi hufumuka hata kabla ya kufikia joto la mwili wa mtu. Ya perege hustahimili zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huzikaza nyuzi kwa kemikali, na mabaki ya kemikali hizo nayo yanapaswa kupimwa. Sasa hiyo "ya asili" iko wapi?

Bibi hakuokota maneno hewani. Fortaleza, Brazil, madaktari wamefunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato, ndugu wa perege wetu. Lakini ngozi ile ilioshwa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ikalowekwa kwenye gliserini, ikapigwa mionzi ya kuua vijidudu. Wa Iceland nao huondoa chembe hai zote kwenye ngozi ya samaki wao wa baharini; Marekani iliiruhusu mwaka 2013. Na hata hizo bado ni ngozi iliyosafishwa. Kolajeni tupu ni kitu kingine.

Kolajeni nyingine hutoka kwa ng'ombe na nguruwe, na hapo sifa moja ya samaki ni ya kweli: hana kichaa cha ng'ombe, na asiyegusa nguruwe hana neno naye. Mzio je? Mara nyingi unatokana na protini iliyo kwenye minofu, parvalbumini, kwa hiyo watu hudhani kolajeni haihusiki. Inahusika. Kuna watu ambao kolajeni yenyewe ya samaki huwaletea mzio, na muuguzi anapaswa kuuliza kabla ya kubandika. Ngozi mbichi ya sokoni ina jambo zaidi: Aeromonas na wenzake, bakteria wa maji matamu wanaofurahia sana kidonda kibichi.

Kwa hiyo bibi, shikamoo. Ngozi ya perege *ina* kolajeni, hapo hukukosea. Ila *ina* si *ndiyo*. Mtoto akiungua, amwagiwe papo hapo maji safi ya bomba kama dakika ishirini, kisha apelekwe hospitali. Ngozi ikaangwe na samaki wake.