Janger: ngoma na mchezo wa kuigiza wa vijana wa Bali

Janger ni ngoma ya kijamii ya kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, inayochezwa na vijana wa kike na wa kiume kwa pamoja, na ambayo ndani yake kuna nyimbo za kujibizana, uchezaji wa viungo na mara nyingi hadithi inayoigizwa. Bali ina ngoma nyingi za ibada, lakini Janger si mojawapo. Katika mgawanyo uliopitishwa mjini Denpasar mwaka 1971, ambao ulitenganisha ngoma takatifu, ngoma za kusindikiza ibada na ngoma za burudani, Janger huhesabiwa katika kundi la tatu, liitwalo balih-balihan.

Hata hivyo mizizi yake hutajwa kuwa katika sanghyang, ibada ya kukikinga kijiji na maradhi, ambapo wachezaji hupagawa na roho huku wanawake wakiimba na wanaume wakipaza mlio wa "cak" kwa mapigo ya haraka. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana walizichukua sauti hizo mbili, ya kike na ya kiume, wakaliacha suala la kupagawa, wakaweka mahali pake utani, mahaba na maringo. Mlio uo huo wa wanaume ndio uliozaa kecak, onyesho mashuhuri kwa watalii lililoundwa katika miaka ya 1930, na kwa kuwa wavulana wa Janger nao huitwa kecak, wageni wengi huzichanganya ngoma hizi mbili.

Wachezaji hujipanga mraba: safu mbili za wasichana hutazamana, na safu mbili za wavulana hutazamana vilevile, kwa kawaida wakiwa takriban 12 wa kila jinsia. Wasichana, ambao ndio hasa huitwa janger, huvaa mataji makubwa ya maua, hushika pepeo, na hucheza zaidi kwa shingo, macho na mikono, mara nyingi wakiwa wamepiga magoti. Wavulana hufanya kinyume chake, kwani wao huruka, hushtua miili ghafla, hupaza sauti na kuingiza mitindo ya pencak silat, yaani sanaa ya kupigana ya eneo hilo. Hadithi inapoigizwa katikati ya mraba, inayopendwa sana ni ya Arjuna, shujaa anayejaribiwa na mahurulaini wa mbinguni akiwa katika tafakuri, ambayo ilitungwa kwa ushairi wa Kijava cha kale katika karne ya 11.

Kwa maoni yangu, sifa inayoipambanua Janger ni wepesi wake wa kupokea mambo mapya. Katika enzi ya utawala wa Waholanzi wavulana walitokea uwanjani wakiwa na kaptula, soksi ndefu, masharubu ya bandia na mapambo ya mabegani mithili ya maafisa wa jeshi, mavazi ambayo yasingeruhusiwa katika ngoma ya hekaluni.

Wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Kwa kuwa mashairi ya Janger hubadilishwa kirahisi na vikundi vyake hutokana na vijana wa mtaa mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyama vya siasa viliigeuza kuwa jukwaa la kampeni, Chama cha Kikomunisti kikiwa na vikundi vyake na Chama cha Kitaifa kikiwa na vyake. Mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti, ya mwaka 1965 na 1966, yalipoikumba Bali na kuangamiza makumi ya maelfu ya watu, kuwahi kuimba katika kikundi cha upande ulioshindwa kuliweza kumponza mtu, na ngoma hiyo ikanyamaza katika vijiji vingi.

Baadaye ilirejea bila siasa, na leo huchezwa katika sherehe na matamasha. Katika kijiji cha Bengkala, wilayani Buleleng, kaskazini mwa Bali, ambako uziwi wa kurithi umekuwapo kwa vizazi kadhaa na wakazi wengi wanaosikia hujua lugha ya ishara ya kijiji, ipo Janger Kolok, inayochezwa na viziwi wenyewe, ambao huongozwa na ishara za mpiga ngoma na kwa kutazamana.