Staki ya kerneli: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jumamosi huwa nafundisha vijana wachache kuandika kerneli ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwenye chumba cha kukodi kando ya Ngong Road, Nairobi. Kila kundi huja na dhana zilezile kuhusu staki, sehemu ya kumbukumbu ambako kitu cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kutolewa.

Dhana: Staki hukua kwenda chini, ndiyo sheria ya kila prosesa.

Ukweli: Kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD), sawa. Amri ya push, ya kuweka kitu kwenye staki, hupunguza anwani iliyo katika RSP (rejista inayoonyesha staki imefika wapi), kisha huandika. Ni kama maegesho ya chini ya majengo ya Upper Hill: magari yakiongezeka, unateremka -1, -2, -3. Lakini RISC-V, aina nyingine ya prosesa, haina push katika amri zake za msingi. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa) ndiyo hupunguza rejista x2, ambayo watu wamekubaliana kuiita sp. Kwenye PA-RISC, prosesa za zamani za HP, Linux hukuza staki kwenda juu.

Dhana: Ukiingia kerneli, prosesa inakubadilishia staki.

Ukweli: Inategemea mlango. Katizo (ishara inayoisimamisha prosesa ghafla ishughulikie jambo jingine) likikuta programu ya kawaida, x86-64, yaani x86 ya biti 64, huchukua anwani ya staki mpya kutoka TSS (jedwali ambalo kerneli imeliandaa) na kuweka humo thamani tano. Amri ya syscall, ambayo programu hutumia kuiomba kerneli huduma, haigusi RSP hata kidogo: kerneli inaanza kazi juu ya staki ya mgeni, yaani ya programu iliyoita. ARM ya biti 64, prosesa ya simu nyingi, haisukumi chochote kwenye staki. Huacha anwani ya kurudia katika rejista ELR_EL1, mengine ujipange.

Dhana: Kompaila ni ileile, kwa hiyo msimbo uliokwenda vizuri kwenye programu utakwenda kwenye kerneli.

Ukweli: Hii ilinila siku tatu. Makubaliano ya System V kwa x86-64 (kanuni za jinsi fanksheni zinavyoitana na kutumia staki) huruhusu fanksheni kutumia baiti 128 zilizo chini ya RSP bila kuzitangaza. Ni kama mchuuzi wa Gikomba anayetandaza mitumba nje ya kibanda chake kwa kuwa hakuna apitaye. Kwenye programu ni salama, maana katizo huhamia staki nyingine. Ndani ya kerneli katizo hutua kwa kawaida kwenye staki ileile, na mkokoteni unapita juu ya nguo. Namba zangu zilikuwa zikibadilika zenyewe, tena si kila mara. Dawa: kuipa kompaila chaguo -mno-red-zone, linaloizuia kutumia baiti hizo 128.

Dhana: Staki ikijaa, itaongezwa.

Ukweli: Ya programu, ndiyo, hadi kikomo. Ya kerneli ya Linux kwenye x86-64 ni kilobaiti 16 tu kwa kila uzi (mkondo mmoja wa kazi), na kabla ya 2014 ilikuwa 8.