Kompyuta kuandika daftari la redio: yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Sisi wa redio ya ridhaa, tunaozungumza na vituo vya mbali kwa kujifurahisha, tungependa programu igeuze sauti kuwa maandishi na kutujazia daftari la mawasiliano. Haya ndiyo yanayosemwa juu yake.

"Kama inanukuu taarifa ya habari bila kosa, itanukuu na mazungumzo yetu ya mawimbi mafupi."

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Whisper, programu iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na hulikisia neno kwa kutegemea maneno jirani. Mtangazaji akimeza silabi, sentensi inaiokoa programu. Alama ya wito, yaani jina la kituo la tarakimu na herufi, haina sentensi: baada ya 9Q inayoanza alama zetu za Kongo, au 9J ya jirani zetu wa Zambia, tarakimu na herufi zozote zaweza kufuata. Tena sauti ya SSB, aina ya utumaji tunayozungumzia kwenye mawimbi mafupi, hupita katika upana wa kilohezi 2.4 hivi, kwa hiyo s na f karibu zinalingana.

Maneno ya kutajia herufi, Alpha kwa A, Bravo kwa B, Charlie kwa C, yalibuniwa kwa ajili ya sikio la mtu. Programu huyapokea kama maneno ya kawaida tu: Mike anakuwa jina la mtu, November mwezi. Hili linatibika. Ipe mapema orodha ya maneno ya kutarajia, kisha skripti fupi iyageuze kuwa herufi. Hata hivyo alama ya wito ithibitishwe na sikio lako, na sauti yenyewe usiifute.

"Inajua lugha nyingi, basi itatufuata tu."

Sisi wa Lubumbashi tunasalimiana kwa Kiswahili, ripoti ya mawimbi (tunavyosikiana) tunatoa kwa Kifaransa, alama tunaitaja kwa Kiingereza, yote ndani ya dakika moja. Usipoitajia lugha, Whisper huitambua kwa sekunde 30 za mwanzo na kuishikilia hiyo hadi mwisho wa faili. Na herufi G ya Kifaransa katikati ya Kiingereza inasikika kama J; hata watu inatuchanganya. Kata rekodi kila mtu anapoachia kitufe cha kusemea, kila kipande ukitajie lugha yake.

"Pakiwa kimya haitaandika kitu."

Itaandika! Ikilishwa mngurumo mtupu hutunga sentensi, wakati mwingine shukrani kwa watazamaji, masalio ya manukuu ya video ilizofunzwa nazo. Msimu wa mvua, radi zinapojaza bendi ya mita 40, utavuna kurasa za mazungumzo ambayo hayakuwepo. Weka mbele yake kigunduzi cha sauti ya mtu, vipande vya mngurumo visiifikie kabisa.

"Bila intaneti haifanyi kazi."

Modeli ndogo hukaa kwenye kompyuta ya mkononi na kufanya kazi bila mtandao. Umeme ndio tatizo letu.

"Maandishi yakishatoka, daftari limekamilika."

Daftari linataka alama ya wito, tarehe, saa, bendi, aina ya utumaji na ripoti, kwa kawaida katika faili ya ADIF, muundo wa pamoja wa madaftari ya redio. Gumzo la mvua na antena halihitajiki humo. Bendi na masafa ni bora yasomwe moja kwa moja kutoka redioni kwa waya, si kutoka mdomoni mwa mtu.

Saa ndiyo mtego. Programu huhesabu sekunde tangu rekodi ilipoanza, wala haijui ni saa ngapi duniani. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC, saa ya dunia inayoandikwa daftarini, kwa hiyo mazungumzo ya 01:30 usiku wa manane huingia daftarini kama 23:30 ya tarehe iliyotangulia. Logbook of The World, huduma ya mtandaoni inayolinganisha madaftari ya vituo, huvumilia tofauti ya dakika 30 kati ya vituo viwili; ukiandika saa ya ukutani, mawasiliano hayo hayatathibitishwa, hata alama ya wito ikiwa sahihi herufi kwa herufi.